Mfuko Mmoja wa Potashi, Mashamba Mawili ya Tabora

Chukua mfuko wa kilo 50 wa MOP, ile potashi yenye chembe kama chumvi ya mawe, uutie kwenye ekari moja ya kichanga huko Sikonge. Mfuko wa pili, ulioshushwa kutoka lori lile lile, utie kwenye ekari moja ya mbuga nyeusi, ule mfinyanzi wa bondeni, huko Igunga. Mvua zikikatika mwezi wa tano, mkulima wa Sikonge atakwambia mbolea ilienda na maji. Wa Igunga atakwambia aliuziwa feki. Feki zipo, hilo halina ubishi, lakini mara nyingi mfuko hauna kosa. Kilichobadilika ni udongo uliopokea, na udongo wa Tabora haupokei potashi kwa namna moja.

Tuanze na kilichomo mfukoni, kwa sababu hapo ndipo hesabu za wengi zinapokwenda upogo. MOP huandikwa 0-0-60. Hiyo 60 ni asilimia ya K2O, yaani oksidi ya potasiamu, namna ya kizamani ya kuhesabu ambayo wafanyabiashara wa mbolea hawajaiacha mpaka leo. Ndani ya mfuko hakuna K2O hata punje. Kuna kloridi ya potasiamu. Ukitaka kujua potasiamu yenyewe, zidisha K2O kwa 0.83. Kwa hiyo kilo 50 za MOP zina kilo 30 za K2O, ambazo ni kilo 25 za potasiamu. SOP, yaani salfeti ya potasiamu, ina asilimia 50 ya K2O, hivyo mfuko wake unakupa kilo 21 hivi. NPK 17-17-17 inakupa kilo 7. Ile 10-18-24 ya tumbaku inakupa kilo 10. Anayesema "nimeweka potashi" baada ya kutia mfuko mmoja wa 17-17-17 kwenye ekari ameweka, ndiyo, ila ni chini ya theluthi ya alichoweka jirani yake mwenye MOP.

Sasa zitazame kilo 25 hizo zikiwa zimechanganywa na udongo. Sentimita 20 za juu za ekari moja zina uzito wa tani 1,200 hivi. Kichanga ni kizito kidogo zaidi, mbuga ni nyepesi kidogo, tusigombane. Kilo 25 ndani ya tani 1,200 ni miligramu 21 kwa kila kilo ya udongo. Kwa lugha ya karatasi ya maabara hiyo ni kama 0.05 cmol/kg. Iweke kando namba hiyo, tutaihitaji mara mbili.

Udongo hushika potasiamu kwa sababu chembe za mfinyanzi na mboji zina chaji hasi, na potasiamu ina chaji chanya. Wingi wa nafasi hizo za kushikia ndio huandikwa CEC kwenye majibu ya maabara. Kichanga chenye mboji kidogo huwa na CEC ya 2 hadi 5. Mbuga nyeusi, ile inayopasuka kiangazi mpaka mguu wa mbuzi unazama kwenye ufa, hupata 30, 40, wakati mwingine zaidi. Kwenye kichanga chenye CEC ya 3, ile 0.05 ni karibu asilimia 2 ya nafasi zote. Kwenye mbuga yenye CEC ya 40 ni asilimia 0.13. Pale Sikonge umeingiza wageni wengi kwenye kibanda cha chumba kimoja. Pale Igunga umemimina kikombe cha chai kwenye lambo la ng'ombe.

Ndiyo maana namba moja ya potasiamu haisemi kitu ikisimama peke yake. Majibu yakionyesha 0.3 kwenye kichanga cha CEC 4, hiyo ni zaidi ya asilimia 7, mmea unakula vizuri kwa msimu huo. Majibu yale yale ya 0.3 kwenye mbuga ya CEC 40 ni chini ya asilimia 1, na nafasi zilizobaki zimekaliwa na kalisiamu na magnesiamu, ambazo zinashindana na potasiamu mlangoni pa mzizi. Wataalamu wengi hupenda kuona potasiamu kati ya asilimia 2 na 5 ya CEC. Si sheria ya msikitini, ila ni kipimo kizuri cha kuanzia, na afisa ugani anayesoma namba ya potasiamu bila kuuliza CEC anakupa nusu ya jibu.

Masega

Kushikwa na kufungwa ni vitu viwili. Potasiamu iliyoshikwa juu ya uso wa mfinyanzi inabadilishana: mzizi unatoa haidrojeni, unachukua potasiamu, biashara imekwisha. Iliyofungwa imeingia ndani na mlango umejifunga nyuma yake. Namna inavyotokea ni rahisi kuielewa kwa mtu wa Tabora kuliko kwa wengi, kwa sababu inafanana na asali.

Mfinyanzi umejengwa kwa tabaka nyembamba mno zilizolaliana. Uso wa kila tabaka una matundu ya pembe sita, mpangilio ule ule wa vyumba vya masega ya nyuki. Tabaka mbili zikitazamana, matundu yanatazamana pia, kama masega mawili ndani ya mzinga. Ayoni ya potasiamu ina nusu kipenyo cha nanomita 0.133, na inakaa kwenye tundu hilo kama imepimwa na fundi: nusu yake kwenye sega la juu, nusu kwenye sega la chini. Sodiamu na kalisiamu nazo zingependa kuingia, lakini zimejivika maji mengi na hazikubali kuyavua kirahisi. Potasiamu huvua maji yake upesi. Ikishaingia, tabaka zinavutana, nafasi kati yake inasinyaa kutoka nanomita 1.4 hadi 1.0, na sega limezibwa nta.

Ayoni nyingine inayotosha kwenye tundu hilo ni amoniamu, tuiite amonia kwa kifupi, ile naitrojeni iliyomo kwenye mbolea za SA na DAP, na ambayo urea huigeuka ikiingia udongoni. Jambo hili linasahaulika sana. Kwenye udongo unaofunga, amonia na potasiamu zinagombea kiti kimoja. Amonia ikitangulia kwa wingi na kuziba kingo za tabaka, potasiamu iliyofungwa ndani huchelewa kutoka. Potasiamu ikitangulia, baadhi ya amonia hubaki huru.

Si kila mfinyanzi una masega ya kuziba. Kaolinaiti, mfinyanzi mkuu wa udongo mwekundu na wa kahawia uliochakaa, kama ule wa vilima vya Kasulu na Kibondo jirani zetu wa Kigoma, tabaka zake zimebanana tangu kuzaliwa; hakuna anayeingia, hivyo haifungi potasiamu. Tatizo lake ni kwamba hata kushika inashika kidogo. Vamikulaiti ndiyo mfungaji mkubwa, ikifuatiwa na mika iliyoanza kuchakaa kingoni. Smektaiti, ambayo ndiyo inayotawala kwenye mbuga nyingi nyeusi na kuzifanya zivimbe na kupasuka, inafunga kwa kiasi tu.

Hapa lazima niwe mkali kidogo. Kuna tabia ya kusema "mbuga inakula mbolea" kana kwamba kila mbuga ni jini. Mbuga nyingi zina tatizo la wingi wa kalisiamu na magnesiamu na la mizizi kukosa hewa wakati wa maji, kabla hujafika kwenye kufunga. Mfungaji wa kweli yupo, na mfano unaotajwa sana ni wa bonde la San Joaquin, California, ambako pamba ilikauka majani mwishoni mwa msimu kwenye mashamba yaliyokuwa yanawekewa potashi. Udongo ulitoka kwenye miamba ya graniti ya milima ya Sierra Nevada na ulikuwa na vamikulaiti. Sisi nasi tunalima pamba Igunga na Nzega juu ya ardhi iliyotokana na graniti, hivyo swali ni halali. Lakini jibu linatoka kwenye kipimo. Rangi nyeusi haithibitishi kitu.

Kukauka na kulowana nako kuna mkono. Udongo uliopewa potashi nyingi ukikauka, tabaka zinasinyaa na kuifungia ndani. Ule ulio maskini wa potasiamu ukikauka unaweza kinyume chake kuachia kidogo. Kwenye majaruba ya mpunga mambo yanapinda zaidi: maji yakisimama, chuma na amonia vinasukuma potasiamu kutoka kwenye nafasi zake na mpunga unaonekana umeshiba, kisha jaruba likikauka baada ya mavuno sehemu yake inajifunga tena. Kupima jaruba mwezi wa pili na kulipima mwezi wa tisa ni kupima mashamba mawili.

Kichanga hakifungi, kinavuja

Kichanga cha Sikonge, Urambo na sehemu kubwa ya Kaliua kina shida nyingine kabisa. Graniti ilipochakaa iliacha mchanga ambao una felispa, na felispa ina potasiamu nyingi ndani yake. Maabara ikisaga udongo wote na kuuyeyusha kwa asidi inaweza kukuta potasiamu ya kutisha, maelfu ya kilo kwa ekari. Zaidi ya asilimia 90 ya hiyo imo ndani ya jiwe na hutoka kwa mwendo wa jiwe. Mahindi hayasubiri.

Kinacholisha mmea ni ile kidogo iliyoshikwa juu, na hiyo inaondoka na mvua. Tabora hupata mvua ya msimu mmoja, kati ya Novemba na Aprili au Mei, na kuna wiki ambazo maji yanashuka moja kwa moja chini ya sentimita 60. Potasiamu haitembei peke yake, inashuka ikiwa imeshikana mkono na chaji hasi. MOP inakuja na kloridi yake mwenyewe, ambayo haishikwi na udongo. Mbolea ya CAN inaongeza naitreti, na juu ya hilo kalisiamu yake inaisukuma potasiamu kutoka kwenye nafasi. Kwa hiyo mtu anayemwaga CAN nyingi kwa mkupuo kwenye kichanga, mvua kubwa ikaja siku mbili baadaye, hapotezi naitrojeni tu. Anasindikiza na potashi.

Hili pia linaeleza habari ya shamba jipya. Ukifyeka miombo na kuchoma, majivu yanatoa potasiamu ya miaka mingi ya miti kwa siku moja, na mazao ya msimu wa kwanza yanang'aa. Msimu wa tatu watu wanasema ardhi imechoka. Kichanga hakikuwa na mahali pa kuiweka.

Sasa turudi kwenye namba ya 0.05, kwa sababu hapa ndipo uamuzi wa kuweka mbolea unapogeuka kulingana na shamba.

Mistari ikiwa sentimita 75, ukaweka mbolea kwenye ukanda wa upana wa sentimita 5 na unene wa sentimita 5, umegusa sehemu 1 kati ya 15 ya eneo na sehemu 1 kati ya 4 ya kina. Yaani sehemu 1 kati ya 60 ya udongo wa juu. Kile kilichokuwa 0.05 kikitawanywa sasa kimekuwa zaidi ya 3 ndani ya ukanda. Kwenye mbuga yenye CEC ya 40, hiyo ni asilimia 8 ya nafasi: mahali pale potasiamu imeshinda, masega ya ukanda yameshiba, na iliyobaki inapatikana kwa mzizi. Sehemu 59 nyingine za shamba hazikupata nafasi ya kufunga chochote. Kwa mbuga, ukanda ndio dawa.

Fanya hivyo hivyo kwenye kichanga cha CEC 3 na umeweka potasiamu nyingi kuliko nafasi zote zilizopo ndani ya ukanda. Ziada inaelea kwenye maji ya udongo kama chumvi, kwani MOP ni chumvi kweli kweli, na mvua za kwanza zikisuasua mche unaungua mizizi. Mvua zikiwa nyingi ziada inashuka. Kwa kichanga potashi igawanywe mara mbili na itawanywe kwa upana zaidi kwenye tuta.

Kwa vitendo, mahindi ya sentimita 75 kwa 30 yana mashimo karibu 18,000 kwa ekari. Mfuko mmoja wa MOP ni gramu 2.8 kwa shimo. Kifuniko cha soda kilichojaa sawasawa hubeba kama gramu 5, kwa hiyo ni zaidi kidogo ya nusu kifuniko. Kwenye mbuga weka yote wakati wa kupanda, sentimita 5 pembeni ya mbegu na sentimita 5 chini yake, usiichanganye na udongo wote kwa jembe. Kwenye kichanga weka robo kifuniko siku ya kupanda au mche ukishasimama, robo nyingine mahindi yakifika magotini, wiki ya nne hadi ya sita, ukiisambaza nusu duara kuzunguka shina kisha ukapandishia udongo. Usiweke siku ambayo wingu la upande wa mashariki limeshakuwa jeusi. Na usiweke juu ya udongo mkavu ukaiacha hapo: potasiamu hufika kwenye mzizi kwa kupenya polepole kwenye utando wa maji unaozunguka chembe, milimita chache tu, hivyo ikibaki juu kwenye vumbi ni kama haipo.

Tumbaku ina sheria yake. MOP haiingii shamba la tumbaku. Jani la tumbaku linavuta kloridi kwa pupa, na kloridi ikizidi kama asilimia 1 ya jani kavu, jani linavuta unyevu, linabadilika rangi ghalani na halishiki moto. Ndiyo sababu potashi ya mbolea ya tumbaku hutakiwa kutoka kwenye salfeti. Anayeona bei ya SOP na kuamua kujazia kwa MOP atakutana na mteuzi siku ya soko.

Kusoma jani kabla ya kusoma karatasi

Potasiamu inahama ndani ya mmea. Ikipungua, majani machanga yanaiiba kutoka kwa wazee. Kwa hiyo angalia majani ya chini. Kwenye mahindi ukingo wa jani unakuwa njano kuanzia nchani, kisha unakauka kahawia kama umebabuliwa na moto, na mshipa wa kati unabaki kijani. Naitrojeni ikipungua ni kinyume: njano inaanzia nchani na kushuka katikati ya jani kwa umbo la V. Magnesiamu ikipungua ni mistari kati ya mishipa. Ukame unaweza kukudanganya, lakini ukame haupendelei ukingo wa majani ya chini peke yake.

Pasua bua kwa urefu. Kwenye mmea wenye njaa ya potashi, vifundo mara nyingi vina rangi ya kahawia ndani. Mabua hayo ndiyo yanayolala upepo wa mwezi wa tatu ukipita. Mhindi wenyewe unakuwa na ncha tupu, umechongoka kama karoti.

Kwenye mbuga usikimbilie kulaumu kufungwa ukiona dalili hizi wakati maji yamesimama. Mzizi usio na hewa hauna nguvu ya kuchukua potasiamu hata ikiwa imejaa. Chimba mfereji kwanza, subiri siku kumi, angalia majani mapya.

Kabla ya kununua chochote, hesabu kinachotoka. Tani moja ya punje za mahindi inaondoka na kilo 4 hivi za potasiamu. Mabua yaliyobeba tani hiyo yana kilo 15 hadi 20. Fikiria maana yake: anayeuza mahindi na kuacha mabua shambani anauza kidogo sana, anayechoma mabua kwenye rundo moja pembeni, au anayeacha ng'ombe wa kijiji kizima wayamalize, anatoa karibu mfuko mzima wa MOP kila ekari ikitoa tani moja na nusu. Potasiamu ya mabua haijafungamana na kitu. Ipo kwenye utomvu wa mmea na mvua chache za kwanza zinaiosha yote. Kilimo cha zamani cha Wanyamwezi cha kupasua tuta na kufukia majani na mabua katikati ya tuta jipya kiliiweka hiyo potasiamu chini ya mzizi bila kuijua kwa jina. Wanaolaza mabua juu ya sesa nao wako sawa, mradi yatawanywe.

Mihogo na viazi vitamu ni wanyang'anyi wakubwa zaidi kuliko mahindi, kwa sababu kinachovunwa ndicho chenye potasiamu: kama kilo 3 kwa kila tani ya mihogo mibichi. Tani 6 za mihogo kwa ekari ni kilo 18 zimepanda lori.

Samadi: sehemu kubwa ya potasiamu ya ng'ombe iko kwenye mkojo, haiko kwenye kinyesi. Zizi la wazi lisilo na matandiko linatoa samadi yenye sura nzuri na potashi kidogo. Tandika mabua au nyasi kavu, yakukusanyie mkojo.

Majivu ndiyo potashi ya asili, na hata herufi K ya potasiamu imetoka huko: kalium, kutoka Kiarabu al-qali, majivu ya mimea. Bibi anayechuja maji ya majivu kulainishia mboga anatumia kaboneti ya potasiamu. Tabora ina majivu mengi kwa sababu ya mabani ya tumbaku yanayochoma kuni. Ila hesabu iwe ya kweli. Debe moja la majivu makavu lina kilo 10 hivi, na potasiamu kama asilimia 5, kwa hiyo nusu kilo. Mfuko mmoja wa MOP ni madebe 50. Kwa bustani na kwa robo ekari inawezekana, kwa ekari tano ni ndoto. Majivu yaliyonyeshewa mvua moja tu nje ya bani yamebaki chokaa, potashi imekwenda. Yafunike siku ile ile yakipoa. Kwenye kichanga chenye tindikali yana faida ya ziada ya kupunguza ukali. Kwenye mbuga yenye vijiwe vyeupe vya chokaa usiyapeleke, unaongeza tatizo. Na kamwe usiyachanganye kwenye ndoo moja na DAP, SA, CAN au urea. Harufu ile inayochoma pua ni naitrojeni yako inaondoka.

Udongo wa kichuguu nao hustahili sifa kuliko inayopewa. Mchwa wanapandisha mfinyanzi na madini kutoka chini, kwa hiyo kwenye kichanga ukiusambaza unaongeza vitu viwili: potasiamu kidogo, na nafasi za kuishikia. Mboji inafanya hivyo hivyo. Kwenye CEC ya 3, kupandisha hadi 4 ni theluthi nzima ya uwezo.

Kupima

Mwaka 1935 Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo wa kituo cha Amani kule Tanga, alilitoa neno katena, yaani mnyororo, kueleza jinsi udongo unavyobadilika kwa mpangilio kutoka kilimani hadi bondeni. Wasukuma walikuwa na majina ya pete za mnyororo huo kitambo: luseni kwa kichanga, itogolo kwa ule wenye gamba gumu chini, mbuga kwa mweusi wa bondeni. Shamba moja la Nzega linaweza kubeba zote tatu kwa mteremko wa mita 400. Kuchanganya sampuli zake kwenye ndoo moja ni kupima shamba ambalo halipo.

Kwa hiyo kila aina ya udongo na sampuli yake. Tembea kwa zigizaga, chimba mahali 15 hadi 20, kina cha sentimita 20, na kwenye kichanga chukua pia kati ya 20 na 40 ili uone kama potasiamu imeshukia huko. Ruka palipokuwa na zizi, rundo la mabua, tanuri la mkaa, kichuguu. Tumia ndoo ya plastiki safi. Usibebe sampuli kwenye mfuko wa mbolea uliokungutwa. Punje mbili za MOP zinatosha kuharibu kazi nzima. Anika kivulini kwa tabaka jembamba, usianike kwenye bati la jua kali, kwa kuwa joto linabadilisha kile kilichoshikwa na kilichofungwa. Mwaka ujao rudia mwezi ule ule.

Ukipeleka kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Mlingano au Chuo Kikuu cha Sokoine, SUA, omba potasiamu inayobadilishana, kalisiamu, magnesiamu, CEC na pH kwa pamoja. Kwa mbuga unayoishuku, uliza kama wanaweza kufanya kipimo cha kufunga: udongo huongezewa potasiamu inayojulikana, ukaachwa, kisha ukaoshwa kwa asetati ya amonia. Kisichorudi ndicho kilichofungwa.

Pasipo maabara, shamba lenyewe lina uwezo wa kujibu. Pima vipande vinne vya mita 10 kwa 10 mahali palipo sawa, vyote vipate naitrojeni na fosforasi sawa. Cha kwanza bila potashi. Cha pili kilo 1 ya MOP, iliyotawanywa na kulimiwa ndani. Cha tatu kilo 1 ile ile, kwenye ukanda siku ya kupanda. Cha nne kilo 1 iliyogawanywa nusu kwa nusu, kupanda na magotini. Hiyo ni kilo 24 za K2O kwa ekari. Vuna mistari ya katikati tu, pima punje zikiwa kavu, hesabu mabua yaliyolala. Cha tatu kikishinda cha pili kwa mbali, udongo wako unafunga au umejaa kalisiamu. Cha nne kikishinda cha tatu, unavuja. Vyote vikilingana na cha kwanza, hela ya potashi kanunulie kitu kingine msimu huu.

Kwenye mbuga usivifute vipande baada ya mavuno. Piga vigingi vya mti usioliwa na mchwa, na msimu wa pili usiweke potashi popote. Kipande cha pili kikianza kukipita cha kwanza, ile iliyozibwa kwenye masega imeanza kurudi.